Umetaboli wa Nishati na Misuli: Mwongozo Kamili wa Kuusaidia Msuli Ujikarabati

Wapo watu wanaofanya mazoezi kwa bidii na kuhesabu protini hadi gramu ya mwisho, lakini baada ya miezi miwili misuli yao ni ileile, uchovu hauwatoki, na maumivu ya juzi yanakutana na mazoezi ya leo. Wapo pia waliotoka kuugua au kuumia, wakaambiwa wale vizuri na kuanza kujizoesha taratibu, nao wakatii, ilhali paja lililosinyaa halijarudia unene wake. Kwa wengi wao kosa ni moja: wamehesabu kila kitu isipokuwa nishati. Msuli uliochanika hauwezi kujengwa na mwili ambao hauna nishati ya kulipia ujenzi huo.

Mwongozo huu unakupitisha katika hatua nane kwa muda wa wiki sita. Zifuate kwa mpangilio zilivyoandikwa, kwa sababu anayeanzia hatua ya tano, kama wengi wanavyopenda, hurudi mwanzo akiwa amechoka zaidi.

## Vitu unavyohitaji

Tafuta mizani ya kupimia uzito wa mwili, utepe laini wa kupimia wa aina anayotumia fundi cherehani, saa yenye mshale wa sekunde au simu, na daftari. Tafuta pia kiti imara kisicho na mikono, ambacho kikalio chake kina kimo cha takribani sentimita 43. Mizani ndogo ya jikoni itakusaidia sana katika hatua ya pili, ingawa unaweza kufanya bila hiyo. Kwa mazoezi unahitaji kitu kizito kinachoshikika vizuri, au mikanda ya mpira, au uzito wa mwili wako tu.

Muone daktari kwanza ikiwa una ugonjwa wa figo, moyo au ini, ikiwa unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, ikiwa una mimba, au ikiwa umepungua uzito bila kukusudia. Mwambie pia ikiwa unatumia dawa za kushusha kolesteroli za kundi la statini na misuli inauma bila sababu, wala usiziache mwenyewe.

## Kwa nini nishati hutangulia

Umetaboli wa nishati ni mwenendo mzima wa mwili kuvunja chakula, kukigeuza kuwa nishati na kuitumia nishati hiyo. Ndani ya seli nishati hiyo hubebwa na molekuli iitwayo ATP. Akiba ya ATP iliyomo msulini hutosha sekunde 2 au 3 tu za juhudi kubwa. Baada ya hapo kreatini fosfati, ambayo ni akiba nyingine ya nishati ya haraka ndani ya msuli, huirejesha kwa takribani sekunde 10, kisha glukosi huvunjwa haraka bila oksijeni, na juhudi ikizidi dakika mbili kazi kubwa huwa ya mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyochoma sukari na mafuta kwa oksijeni.

Watu wengi hudhani ATP ni ya kukaza msuli tu, lakini msuli huihitaji hata ili kulegea. Mwili wa maiti hukakamaa kwa sababu ATP imekwisha na nyuzi zimebaki zimeshikana. Vilevile, uzi wa msuli unapochanika, madini ya kalisi humwagika mahali pasipostahili, na pampu zinazoyarudisha huendeshwa kwa ATP. Pampu hizo zikikosa nguvu, kalisi huamsha vimeng'enya vinavyomeng'enya uzi wenyewe, na jeraha dogo huwa kubwa.

Ujenzi nao una gharama. Kila asidi amino inayoungwa katika mnyororo wa protini hugharimu takribani vifungo vinne vya nishati. Mnyororo mzito wa miosini, ambayo ni protini kuu ya kukazia msuli, una asidi amino zaidi ya 1,900. Kwa hiyo mnyororo mmoja tu hugharimu zaidi ya vifungo 7,500.

Seli haijengi bila kuangalia akiba yake. Kimeng'enya kiitwacho AMPK huamka ATP inapopungua, nacho huizuia mTOR, ambayo ndiyo inayoamuru protini mpya zitengenezwe. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kula protini nyingi na asijenge kitu: vifaa vimefika, lakini amri ya kujenga imezuiwa.

## Hatua ya 1: Pima mahali unapoanzia

Kwa siku 7 jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kisha tafuta wastani. Usiamini kipimo cha siku moja. Glaikojeni, ambayo ni akiba ya sukari ndani ya misuli na ini, huhifadhiwa pamoja na maji, takribani gramu 3 kwa kila gramu 1, kwa hiyo uzito unaweza kupanda au kushuka kilo moja au zaidi bila mafuta wala msuli kubadilika.

Kisha pima mzunguko wa kila paja katikati, kati ya mkunjo wa kinena na juu ya pia ya goti, ukiwa umesimama na mguu umelegea. Weka alama ya kalamu mahali unapopima ili upimaji wa pili uwe palepale.

Mwisho, kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, na uhesabu ni mara ngapi unasimama wima na kukaa ndani ya sekunde 30. Andika pia mapigo ya moyo ya dakika moja unapoamka, kabla hujanyanyuka kitandani.

*Umefanikiwa* ukiwa na tarakimu nne kwenye daftari: wastani wa uzito, mzunguko wa mapaja, idadi ya kusimama na mapigo ya asubuhi. Bila hizo utabaki kujiamulia kwa kioo, na kioo hakionyeshi badiliko la wiki sita.

## Hatua ya 2: Ziba pengo la nishati

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami ningependa uikalie muda mrefu kuliko nyingine zote.

Kipimo kinachofaa ni nishati inayobaki kwa ajili ya mwili baada ya mazoezi kuchukua sehemu yake, wala si jumla ya unachokula. Chukua kilokalori unazokula kwa siku, toa zile zinazotumiwa na mazoezi, kisha gawanya kwa kilo za mwili wako usiohesabiwa mafuta. Ikiwa hujui kiasi cha mafuta mwilini mwako na uzito wako ni wa kawaida, kadiria kwamba sehemu isiyo mafuta ni asilimia 80 hadi 85 ya uzito kwa mwanamume, na 70 hadi 75 kwa mwanamke.

Hali njema kwa mtu anayefanya mazoezi ni takribani kilokalori 45 kwa kila kilo hiyo. Chini ya 30, mwili huanza kubana matumizi: homoni za uzazi hupungua, mifupa hudhoofika, na utengenezaji wa protini za misuli hushuka. Kizingiti hicho cha 30 kilitokana hasa na tafiti za wanawake vijana, kwa hiyo kichukulie kama onyo, maana wengine hudhurika kabla ya kukifikia.

Tazama mfano. Mwanamume mwenye kilo 70 ana takribani kilo 56 zisizo mafuta. Anakula kilokalori 2,000 kwa siku na anajiona anakula vya kutosha. Mazoezi yake yanatumia 400. Zinabaki 1,600, ambazo zikigawanywa kwa 56 ni chini kidogo ya 29. Mtu huyu hana njaa ya kumlalamisha wala hajakonda kwa kutisha, lakini msuli wake unaishi kwa mgao. Kama angekuwa anakula 2,600, zingebaki 2,200, yaani kama 39 kwa kilo, na hali ingekuwa tofauti kabisa.

Fanya hivi:

1. Andika kila unachokula na kunywa kwa siku 3, mojawapo iwe ya mapumziko. Usisahau mafuta ya kupikia na vinywaji vyenye sukari, kwa kuwa ndivyo vinavyosahaulika zaidi.
2. Piga hesabu ukikumbuka kwamba gramu 1 ya wanga au protini ina kilokalori 4, na gramu 1 ya mafuta ina 9.
3. Ikiwa uko chini ya 40, ongeza kilokalori 200 hadi 300 kwa siku, ukae nazo siku 10, kisha upige hesabu tena.

Asiyeweza kupiga hesabu na asikilize mwili wake. Kuhisi baridi wakati wenzako hawaihisi, kuamka usiku kwa njaa, hamu ya tendo la ndoa kufifia, mafua yanayorudi, hasira za karibu, na vidonda kuchelewa kupona ni dalili zinazokuja pamoja pale nishati inapopungua. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma kwa miezi 3 bila mimba, hilo ni jambo la daktari.

Vipi anayetaka kupunguza mafuta? Anaweza, lakini punguzo lisizidi kilokalori 500 kwa siku, na asitarajie msuli uliojeruhiwa ukue katika kipindi hicho. Ukiwa na jeraha linalopona, ahirisha mpango wa kupungua. Wengi hupunguza chakula mara tu wanapofungwa plasta gumu kwa hofu ya kunenepa, na hivyo huupokonya mwili nishati katika wiki zilezile unazoihitaji kukarabati.

Onyo. Mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula au aliyekonda sana asijishibishe ghafla. Wanga unapoingia kwa wingi, insulini husukuma fosfati ndani ya seli, na fosfati ya damu inaweza kushuka kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Fosfati ni sehemu ya ATP yenyewe, hivyo moyo na misuli ya kupumua huweza kushindwa kazi. Kurudishiwa chakula kwa mtu kama huyo kusimamiwe na wahudumu wa afya.

*Umefanikiwa* uzito wa wastani ukitulia au kupanda kidogo, ukalala bila njaa, na joto la mikono na miguu likarudi.

## Hatua ya 3: Jaza glaikojeni

Misuli ya mtu mzima huweza kuhifadhi takribani gramu 300 hadi 500 za glaikojeni, na ini takribani 100. Tofauti yake ni kubwa: ini hugawia mwili mzima sukari yake, lakini msuli hauna kimeng'enya cha kuirudisha sukari kwenye damu. Kwa hiyo paja lililoishiwa halikopeshwi na mkono uliojaa, na kila msuli hujazwa kwa kuwa ulitumika na wanga ukapatikana.

Anayefanya mazoezi mepesi na alenge gramu 3 hadi 5 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na anayefanya kama saa moja kila siku gramu 5 hadi 7. Nafaka, mizizi, maharage na matunda vyote vinafaa. Mafuta nayo yasishushwe chini ya asilimia 20 ya nishati ya siku, kwa kuwa ndiyo yanayouendesha msuli ukiwa umepumzika.

Wengi husumbuka kuhusu dakika za kula baada ya mazoezi. Ikiwa utafanya mazoezi tena kabla ya muda wa saa 8 kupita, kula mapema, takribani gramu 1 ya wanga kwa kila kilo kwa saa, kwa saa 4 za mwanzo. Ikiwa mazoezi yanayofuata ni kesho kutwa, jumla ya siku ndiyo yenye uzito, nawe kula kwa utulivu.

Jambo linalofahamika na wachache ni kwamba msuli uliochanika hujaza glaikojeni polepole kuliko msuli mzima, kwa sababu uwezo wake wa kuvuta sukari kwa msaada wa insulini umepungua, na pia seli za kinga zilizoingia kusafisha nazo zinatumia sukari. Kwa hiyo siku mbili hadi tatu baada ya mazoezi yaliyokuumiza ndizo siku za kula wanga wa kutosha, ingawa unaona hukufanya kazi kubwa.

Onyo. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata bila insulini, na hali hiyo ya kuvuta sukari kwa urahisi huendelea kwa saa 24 au zaidi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anaweza kushukiwa na sukari usiku akiwa amelala. Apime kabla ya kulala siku za mazoezi, na mabadiliko ya dozi yaamuliwe na daktari wake.

*Umefanikiwa* marudio ya siku ya pili ya mazoezi katika wiki yasipopungua kuliko ya siku ya kwanza.

## Hatua ya 4: Gawanya protini katika milo

Sasa protini ina kazi ya kufanya. Lenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji takribani gramu 112, nazo azigawanye katika milo minne ya gramu 28.

Sababu ya kugawanya ni kwamba mwili hauna ghala la protini. Mlo mmoja huamsha ujenzi kwa saa chache, kisha ujenzi hurudi kiwango chake hata kama asidi amino bado zipo kwenye damu. Anayekula protini yote usiku huamsha ujenzi mara moja badala ya mara nne.

Kijana huweza kuridhika na gramu 0.25 kwa kila kilo katika mlo mmoja. Mtu aliyepita miaka 60 ahesabu 0.4, kwa sababu misuli yake huitikia protini kwa ugumu, na mlo mdogo hauiamshi. Mayai, maziwa, samaki na nyama vina leusini nyingi, ambayo ndiyo asidi amino inayoamsha mTOR. Jamii ya kunde inayo kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo anayeitegemea ale sehemu kubwa zaidi na aichanganye na nafaka.

Kumbuka lakini kwamba protini haiwezi kuchukua nafasi ya hatua ya 2. Nishati ikipungua, ini huvunja asidi amino kutengeneza sukari, na chakula chako cha thamani huishia kuchomwa.

Onyo. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate viwango hivi bila maelekezo ya daktari.

Kuhusu virutubishi vya kununua nitasema kwa ufupi. Kreatini ndiyo yenye ushahidi imara kwa msuli: gramu 3 hadi 5 kwa siku huongeza akiba ya kreatini fosfati. Uzito unaweza kupanda kidogo kwa sababu ya maji, na kipimo cha kreatinini katika damu kinaweza kupanda bila figo kuwa na ugonjwa, hivyo mwambie daktari kwamba unaitumia. Vingi vya vilivyobaki havirudishi fedha yako.

*Umefanikiwa* ukiweza kukumbuka milo ya jana na kuonyesha protini katika kila mmoja wao.

## Hatua ya 5: Upe msuli sababu ya kujijenga

Msuli usiokazwa hupungua hata ukilishwa vizuri. Siku 5 za kufungwa mguu zinatosha kupunguza paja kwa kiasi kinachopimika, nguvu hupungua kwa kasi zaidi kuliko unene, na msuli huo huanza kuikataa insulini.

Anza na siku 2 kwa wiki kwa kila kundi la misuli, ukiacha angalau saa 48 kati yake, kwa kuwa ujenzi unaoamshwa na zoezi huendelea kwa saa 24 hadi 48. Fanya seti 2 za marudio 8 hadi 12, ukiishia pale unapohisi bado ungeweza kufanya 2 au 3 zaidi. Ukifikisha 12 katika seti zote kwa siku mbili mfululizo za mazoezi, ongeza uzito kwa takribani asilimia 5.

Pumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti. Huo ndio muda ambao sehemu kubwa ya kreatini fosfati hurudi, nayo hurudishwa na mitokondria kwa oksijeni. Anayeharakisha mapumziko hupunguza kazi ya seti inayofuata.

Jihadhari hasa na sehemu ya kushusha: kuteremka ngazi, kuchuchumaa polepole, kushusha mzigo. Msuli unaovutwa ukiwa umekazwa ndio unaochanika zaidi. Katika wiki ya kwanza fanya machache. Mara moja tu ya uchanikaji mdogo humkinga msuli kwa wiki kadhaa zinazofuata, hivyo hakuna faida ya kuanza kwa fujo.

Maumivu yatakuja, na kwa kawaida hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi. Usiilaumu laktati, yaani zao la kuvunja glukosi bila oksijeni, kwa kuwa hurudi kiwango cha kawaida ndani ya takribani saa moja baada ya zoezi, na tena ni chakula cha moyo na misuli mingine. Maumivu hutokana na uchanikaji wenyewe na kazi ya seli za kinga zinazosafisha.

Aliyeumia au aliyelazwa aanze na mkazo usio na mwendo: kaza paja, hesabu 5, legeza, rudia mara 10, mara tatu kwa siku, ikiwa anayemtibu ameruhusu.

Acha mara moja na uende hospitali ukiona mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza, msuli umevimba na kuwa mgumu, au udhaifu unaozidi kila saa. Nyuzi nyingi zikipasuka kwa pamoja, protini yake huingia kwenye damu na kuziumiza figo. Vilevile, kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto baada ya kulala kitandani muda mrefu, usikikande, bali nenda ukapimwe damu iliyoganda.

*Umefanikiwa* maumivu yakiwa yamepungua kabla ya siku inayofuata ya mazoezi, na uzito unaobeba ukipanda angalau mara moja katika wiki mbili.

## Hatua ya 6: Ongeza mitokondria

Anayetaka unene wa msuli hudharau kutembea kwa kasi, nami nadhani hapo hukosea sana. Mitokondria nyingi na mishipa midogo ya damu iliyo karibu na nyuzi ndivyo vinavyorudisha kreatini fosfati haraka, huleta oksijeni mahali pa ukarabati na kuchoma mafuta ili sukari ibaki kwa kazi nzito.

Siku 3 kwa wiki, tembea kwa kasi, endesha baiskeli au ogelea kwa dakika 20, ukiongeza dakika 5 kila wiki hadi 45. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukishindwa kusema, punguza.

Tenganisha mwendo huu na mazoezi ya uzito kwa saa kadhaa, au uuweke siku nyingine. Kisha rudi kwenye hesabu ya hatua ya 2, kwa kuwa dakika hizi nazo zina gharama. Wapo waliofuata kila kitu vizuri hadi hapa, wakaongeza mwendo bila kuongeza chakula, na pengo lililozibwa likafunguka tena.

*Umefanikiwa* baada ya wiki 4 hadi 6 ukiona umbali uleule unaupita kwa pumzi tulivu zaidi, na mapigo ya asubuhi yamepungua kidogo.

## Hatua ya 7: Linda usingizi na uache ukarabati uendelee

Lala saa 7 hadi 9. Usingizi mzito ndio wakati homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi, na usiku mmoja tu wa kukesha hupunguza utengenezaji wa protini za misuli siku inayofuata.

Elewa pia kwamba uvimbe wa siku za mwanzo si adui. Seli za kinga huja kwanza kubeba mabaki ya nyuzi, zikitumia sukari kwa kasi. Baada ya siku chache makrofaji, ambazo ni mojawapo ya seli hizo, hubadili tabia, huanza kutegemea zaidi mitokondria, na kuziita seli za akiba zinazokaa pembeni mwa nyuzi ziongezeke na kuungana na uzi uliojeruhiwa. Anayezima uvimbe kila siku hukatiza mfululizo huo. Kwa hiyo usioge maji ya barafu kila baada ya mazoezi ya uzito ikiwa lengo lako ni kukuza msuli, wala usimeze dawa za kuzuia uvimbe kila siku kwa ajili ya maumivu ya kawaida ya mazoezi. Dawa uliyoandikiwa na daktari endelea nayo kama alivyosema.

Pombe baada ya mazoezi hupunguza ujenzi hata kwa aliyekula protini ya kutosha.

*Umefanikiwa* ukiamka bila kengele angalau siku nne kwa wiki ukiwa na hamu ya kula.

## Hatua ya 8: Pima tena na urekebishe

Mwisho wa wiki ya 6 rudia vipimo vyote vya hatua ya 1, kwa saa zilezile na kwa alama zilezile. Katika wiki hizi za mwanzo nguvu huongezeka kabla ya unene, kwa sababu neva hujifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi. Kwa hiyo idadi ya kusimama kwenye kiti ikipanda na paja likabaki kama lilivyo, uko njiani. Aliyetoka kwenye jeraha alinganishe paja na paja, na aone kama tofauti kati ya miguu miwili inapungua.

Matokeo yakiwa mabaya, yasome hivi. Uzito umeshuka na nguvu hazikupanda: pengo la nishati halijazibwa, rudi hatua ya 2 na uongeze kilokalori 300. Uzito umetulia lakini siku ya pili ya mazoezi ni dhaifu kila wiki: angalia wanga. Mapigo ya asubuhi yamepanda kwa 5 au zaidi kwa siku kadhaa, nawe huna homa: punguza seti kwa nusu kwa wiki moja na uchunguze usingizi. Uzito umepanda na kiuno kimepanuka, lakini idadi ya kusimama kwenye kiti haijabadilika: chakula kinatosha, kinachokosekana ni uzito wa mazoezi katika hatua ya 5.

Kama hatua zote zimefuatwa na bado unadhoofika, usiongeze mazoezi. Omba upimwe wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini D, homoni za tezi ya shingo na sukari, kwa kuwa upungufu wa chuma hupunguza oksijeni inayofika kwenye mitokondria, na tezi ya shingo ndiyo inayoamua kasi ya umetaboli wa mwili mzima.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, liache lifanye kazi siku 14, kisha fungua daftari na upime upya paja, kiti na mapigo kabla ya kugusa jingine.